Safari Hii Jamaa Karudi

Tangu filamu ya The Sixth Sense ya 1999, shabiki wa mwongozaji M. Night Shyamalan anasubiri kushtuliwa tena. Na kweli alishtuliwa: katika The Happening ya 2008 adui ni mimea, basi mwigizaji Mark Wahlberg anasimama ndani ya nyumba kuubembeleza mmea kwa adabu zote, kumbe wa plastiki. (Mmea, namaanisha. Uigizaji tusiuguse.) Mwaka 2010 ikaja The Last Airbender, shabiki akaapa: mimi na huyu basi! Lakini ikitoka trela mpya, ya dakika mbili tu, utamsikia: “Safari hii jamaa karudi.” Tiketi keshakata, pamoja na ya shemeji yake, ili apate wa kulalamika naye njiani.