Eti Sasa Hivi

Waganda wana neno dogo, mbu, ambalo ni pacha wa eti yetu. Kazi yake huonekana vizuri katika stendi ya zamani ya taksi, katikati ya Kampala. Kondakta anaapa kwamba gari linaondoka sasa hivi, ilhali viti 6 kati ya 14 ni vitupu na dereva mwenyewe haonekani. Abiria akimpigia mkewe simu hasemi “tunaondoka”; husema “eti tunaondoka”. Mke huko nyumbani anafunika chungu na kuendelea na shughuli zake. Hakuna aliyeitwa mwongo, na hakuna aliyedanganyika. Eti halikanushi neno la mtu. Linapima tu umbali kati ya lililotangazwa na linaloonekana. Ndiyo maana hukaa vizuri hata kwenye jambo la kweli. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Hayo yameandikwa. Lakini jaribu kununua nyanya kwa Kiswahili katika soko la Owino, Kampala, utaona eti linavyokuja lenyewe: eti lugha rasmi!

Wapo watakaosema hili ndilo neno la wambea. Kwa kweli umbea Uganda umewahi hata kutozwa kodi: Rais Museveni alilalamikia lugambo, yaani umbea, la mitandaoni, na Julai 2018 kila mtumiaji wa mitandao ya kijamii akaanza kudaiwa shilingi 200 kwa siku. Wengi wakajificha nyuma ya VPN. Mwaka 2021 kodi hiyo ikafutwa, ikaja nyingine ya asilimia 12 juu ya data. Sema sasa “kodi ilifutwa” bila kutanguliza eti, uone kama ulimi hautakwama. Tena mmbea wa hatari ni yule anayelimeza eti: kasikia kwa kinyozi, anasimulia kama aliyeshuhudia. Mwenye kulitamka amekuonya mapema kwamba mzigo si wake, ufungue mwenyewe.

Nakubali lina mipaka. “Eti anaumwa” huvunja urafiki, na “eti amefiwa” ni ukatili mtupu. Uchungu wa mtu haupimwi kwa kejeli. Ahadi ndiyo hupimwa. Kwa hiyo fundi wa mabomba akikuambia yuko njiani, mshukuru kwa heshima zote, wajulishe wa nyumbani kwamba eti anakuja, kisha jazeni ndoo.