Mwongozo wa Mvivu Anayetaka Kuzama Rohoni, Akiwa Eastlands

Sogea karibu, haya hayasemwi kwa sauti. Unataka roho yako ipae, akili iachane na kodi ya nyumba na tokeni za stima, lakini miaka 20 ya kukaa kimya pangoni huna. Hujakosea. Njia za mkato zipo, na nyingi ni mwendo wa miguu kutoka unapokaa. Fuata hatua hizi.

1. Acha kuutafuta ukimya. Kayole haupo, Huruma haupo, na Umoja ulihama zamani. Anayengoja kimya ndipo aanze kutafakari atazikwa Lang'ata akingoja. Wewe tumia kelele. Kila matatu ikipiga honi, irudishe akili kwenye pumzi: vuta, shusha. Ukikaa karibu na Jogoo Road utakumbushwa mara nyingi kuliko mtawa yeyote, tena bure.

2. Usihangaike peke yako. Mvivu akiwa peke yake hulala. Nenda penye watu na ngoma. Kuna Wakorino, walioanza huko Kenya ya Kati katika miaka ya 1920: vilemba vyeupe, viatu nje, ngoma ndani. Kuna Legio Maria, waliojitenga na Kanisa Katoliki mwaka 1963. Na ukiwa Majengo, Pumwani, msimu wa Maulidi, tafuta mahali utakapomwona mpiga dufu vizuri. Mtazame kiganja. Huanza taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Kisha mwendo unakaza, mabega ya waliopanga safu yanayumba pamoja, na pumzi zinaanza kufuatana. Ukikaa hapo muda wa kutosha, hutajua tena pumzi ipi ni yako. Ulichofuata ndicho hicho.

3. Tumia majivuno yako. Unayo, sote tunayo, kwa hiyo yape kazi. Kwenye kesha, kaa mstari wa mbele kabisa. Utaona haya kusinzia mbele ya kwaya. Imba kwa nguvu ili usifiwe, inua mikono ili uonekane. Ikifika saa tisa usiku utakuwa umechoka kujionyesha, na waliokuwa wakikutazama wamefumba macho. Maombi yako yataanzia hapo.

4. Majani je? Nilijua utauliza. Tuanze na jaba, yaani miraa. Masufi wa Yemen na Harar wametafuna miraa karne nyingi ili wakeshe katika zikri, yaani kumtaja Mungu kwa kurudiarudia. Angalia mpango wao: jani liliwazuia kulala, zikri ndiyo iliyowapeleka. Wewe ukikaa kwenye base na Big G yako na njugu, bila zikri, utafungua kampuni tatu kwa mdomo kabla ya usiku wa manane na hutaomba hata mara moja. Pikapu za Meru hukimbizana barabarani kwa sababu nguvu ya jani huanza kupotea kama siku mbili baada ya kuchumwa. Stimu yako itapotea mapema zaidi, ikuachie mdomo mchungu na usingizi uliogoma kuja.

Bangi nayo ina kesi. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilitambua Urastafari kuwa dini, na mwaka 2021 Marasta wakarudi mahakamani kuomba ruhusa ya kuitumia ibadani. Polisi wa mtaani wanatembea na sheria ya 1994, na seli haina mahali pa kukunja miguu. Kwa Marasta wenyewe iga jambo moja: ngoma za Nyabinghi hupigwa na kundi, na mazungumzo yao ni ya kundi. Chukua ngoma na kundi, moshi uache.

5. Waibie wataalamu. Ijumaa Kuu ya mwaka 1962, huko Boston, Marekani, mtafiti Walter Pahnke aliwagawia nusu ya wanafunzi 20 wa theolojia dawa iliyomo kwenye uyoga wa kulewesha. Wengi wa waliopewa walisimulia mambo makubwa. Lakini aliwaweka wapi? Kanisani, wakisikiliza ibada ya mhubiri Howard Thurman. Hata dawa iliazima kwaya! Naye daktari wa akili Stanislav Grof, sheria ilipombana na LSD yake, alihamia kwenye pumzi za kasi na muziki. Ukiwa na kifafa, ugonjwa wa moyo au mimba, pumzi hizo za kasi ziache kabisa. Wimbo wa polepole unatosha. Pahnke na Grof wote wawili walihitaji muziki, kitu ambacho Eastlands hukipata kila wiki bila tiketi.

6. Shindwa vizuri. Akili ikikimbilia chapati, irudishe bila kuipigia kelele. Ukisinzia, ukiamka dakia wimbo pale ulipofika, usiulize umepitwa na beti ngapi. Na usipoona nuru yoyote, usitunge maono. Sema tu, "Nimefurahi kuwa nanyi." Watu watakuona mnyenyekevu, na sifa utakuwa umeipata bila uongo.

7. Ijumaa ijayo rudi kwenye kesha. Beba shuka, maji, na rafiki mvivu kukuzidi. Mkalishe kushoto kwako na ukubali kazi ya kumwamsha. Ukimlinda yeye asilale, nawe utakesha, na mtazama wote wawili.