Uainishaji wa Vidonda vya Tumbo kwa Mujibu wa Benchi la Zahanati

Vitabu vya tiba huvigawa vidonda vya tumbo mara mbili: vya mfuko wa chakula na vya mwanzo wa utumbo mwembamba. Mgawanyo mzuri, ila waliouandika hawajakaa kwenye benchi la zahanati hapa Rujewa, kwenye mpunga wa Usangu. Benchi lina mgawanyo wake.

Wa kwanza ni Wanamaharage. Hawajapimwa, lakini wanajua. Walikula maharage msibani, chembe kikawaka, tangu siku hiyo wameyahama, pamoja na pilipili na ndimu. Wamebaki na wali, na kwa mtu wa Usangu hiyo si adhabu.

Wanamawazo chanzo chao ni mkopo, mume au bei ya mpunga. Tuwapite, sote tumo.

Wanaomepra hununua vidonge vya omeprazo vinne vinne duka la dawa. Maumivu yakitulia, dozi imekwisha. Hapa inabidi tumkumbuke Barry Marshall wa Australia, ambaye mwaka 1984 alikunywa bakteria wa helikobakta pilori kwa makusudi, akaugua tumbo. Mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kumhusisha bakteria huyo na vidonda vya tumbo. Bakteria huyo hafi kwa omeprazo peke yake. Zinahitajika pia antibiotiki mbili au zaidi, mara nyingi kwa siku 14. Vidonge vinne hupunguza tindikali tu, bakteria akabaki mpangaji asiyelipa kodi.

Kundi linalostahili shahada ya uzamivu ni Wanajaruba. Msimu wa kupandikiza mpunga mtu huinama tangu alfajiri, miguu majini, jioni mgongo haunyooki. Humeza diklofenaki, tena kabla ya kula, eti iwahi kufanya kazi. Dawa hiyo huzuia prostaglandini, na hizo ndizo zinazoukinga ukuta wa tumbo dhidi ya tindikali. Tumbo likianza kuuma, anaongeza kidonge cha maumivu: aliyechimba shimo ndiye anayeitwa kulifukia. Daktari akimuuliza anatumia dawa gani, hujibu kwa moyo mweupe, "Situmii dawa yoyote." Hadanganyi. Kwake diklofenaki si dawa, ni zana ya kilimo, iko fungu moja na jembe.

Limebaki kundi ambalo benchi haliliainishi: wanaotapika damu au kupata choo cheusi kama lami. Hao hawasubiri zamu. Wapisheni.