Herufi Moja Tu

Mtaa wetu unaandikwa Waithaka, lakini msikilize mzee wa hapa akiutaja: Waidhaka. Kikuyu huandika "th" na kutamka "dh", na mimi niliyekulia humo sikuwa nimeona hasara yake mpaka mwaka jana.

Binamu yangu alishikwa akiendesha bodaboda bila leseni. Asubuhi na mapema shangazi akabisha mlango, leso begani. "Kijana wangu, wewe si unamdhamini ndugu yako?"

Mimi nikasikia unamthamini. "Sana, shangazi! Huyo ni kama wa tumbo moja na mimi."

"Basi beba logibuku ya Probox yako twende korti ya Kibera."

Ningejiuliza mapenzi yanataka logibuku ya nini.

Kortini binamu alisomewa shtaka kwa Kiswahili, akaulizwa kama ni kweli. "Ni kweli mheshimiwa, lakini nilikuwa nakimbiza mgonjwa." Ikaandikwa kwamba amekana. Shangazi nusura asimame: amesema kweli, mbona anaandikiwa uongo? Nje, wakili mmoja aliyekuwa akingoja kesi yake akatufungua macho. Kukiri hakuna "lakini". Tangu kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya 1973, hakimu lazima ahakikishe mshtakiwa ameelewa shtaka na kulikubali lote. Akiongeza la kujitetea, huhesabiwa amekana na kesi husikizwa. Kwangu nyumbani "ni kweli lakini" ni kukiri mara mbili.

Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinampa aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa bondi au dhamana yenye masharti ya kadiri, ila kukiwa na sababu nzito ya kumzuia. Binamu akapewa achague: dhamana ya shilingi 20,000 taslimu, ambazo angerudishiwa kesi ikiisha, au bondi ya 50,000 na mdhamini mmoja. Taslimu hana. Macho yakanigeukia, logibuku ikiwa kwapani. Kumbe kumthamini mtu ni kwa moyo, kumdhamini ni kwa Probox. Akitoroka, hizo 50,000 ni zangu.

Hakutoroka, namshukuru. Kilichonimaliza ni "kutajwa". Tuliambiwa kesi itatajwa tarehe 14. Nikafunga kibanda changu cha mboga, nikavaa suti ya harusi yangu, ambayo sasa hukubali kifungo kimoja tu. Shangazi akapika chapati za mashahidi watatu, mmoja wao yule mgonjwa mwenyewe, aliyekuwa amepona kitambo na alikuja kwa ajili ya chapati. Tukakaa kwenye benchi tangu saa mbili. Jina likaitwa, binamu akasimama, hakimu akafungua faili, akatoa tarehe nyingine. Dakika moja, labda na nusu.

"Imeisha?" shangazi akauliza.

"Imetajwa," karani akasema.

Siku ya kutajwa korti hutazama tu kesi imefika wapi na kama pande zote ziko tayari. Mashahidi huitwa siku ya kusikizwa. Kutajwa kwa tatu nilienda na kandambili.

Mteja aliyetaka kununua Probox yangu naye alichoka kungoja logibuku iliyolala kortini, akanunua gari la jirani.

Juzi binamu kanipigia, sauti tamu kama asali. Kuna mkopo wa chama, anataka kujua kama bado namthamini. Nikamwambia akate simu, aniandikie meseji, nione ni herufi gani.