Jinsi ya Kutengeneza Dawa ya Tegu na Kuzeeka Bila Gari

Kwanza kabisa, kosea kuchagua ugonjwa. Wenzako wenye akili watakimbilia presha, kisukari na upara. Wewe ng'ang'ania tegu wa nguruwe, mwenyeji wa Mbozi, Chunya na Iringa Vijijini, kule nguruwe wanakozurura na choo ni shamba la jirani. Mayai yake hutoka kwa mtu mwenye mnyoo tumboni, yakapitia mikononi na kwenye mboga, hata asiyegusa kitimoto akajikuta na vifuko ubongoni na kifafa juu yake. Wagonjwa utawapata kwa wingi. Wateja, hapana.

Kwa hiyo usimsumbue mfadhili kwa habari za binadamu. Anza na ng'ombe wa Ulaya. Usicheke: ivermektini iliingia sokoni mwaka 1981 kwa ajili ya mifugo, binadamu mwenye usubi akasubiri hadi 1987. Albendazoli nayo ilitokea zizini. Foleni ya dawa ina utaratibu wake: kondoo wa Australia, mbwa wa Marekani, kisha bibi yako wa Vwawa.

Sasa ingia maabara uanze kuota mvi. Utabandika klorini kwenye molekuli, mnyoo afe. Seli za ini nazo zife. Iondoe, ini lipone. Mnyoo naye apone. Ongeza kipande kingine, kila kitu kikae sawa, isipokuwa dawa sasa imegoma kuyeyuka, imetulia chini ya chupa kama mchanga. Mtu akikuletea majani ya mganga yanayoua minyoo ndani ya bilauri, mpongeze, ila kumbuka hata jiki huua minyoo ndani ya bilauri. Mfariji wako awe Kelly Chibale, Mzambia aliyeanzisha kituo cha H3D kule Cape Town mwaka 2010. Dawa yao ya malaria, MMV390048, ilianza kujaribiwa kwa binadamu mwaka 2014, baadaye ikaachwa njiani. Na huyo ndiye bingwa wetu.

Ukichoka, kimbilia oksfendazoli, ambayo wengine walishaitengeneza kwa mifugo. Miligramu 30 kwa kila kilo ya nguruwe, mara moja tu, na vifuko vya nyamani vinakufa. Ipeleke Mbozi kifua mbele. Mfugaji atakuuliza, "Mwanangu, nimuuze Alhamisi?" Mwambie hapana mzee, dawa haijatoka nyamani. "Mwezi ujao je?" Hapo jikohoze kidogo, maana vifuko vilivyokufa havipotei haraka. Mnunuzi atamlaza nguruwe chini, atampanua mdomo kwa kijiti, atauvuta ulimi na kuupapasa taratibu kwa vidole. Akigusa punje moja tu, bei inaporomoka au anapanda pikipiki yake anaondoka. Mweleze kwa upole kwamba punje ile ni maiti. Mweleze ukiwa umesimama mbali na kijiti.