Juma Ana Milioni Nne

Mkutano ulipangiwa saa moja, na zaidi ya nusu yake ikaliwa na Juma.

Mbunifu alikuwa amewapelekea viongozi wa SACCOS moja ya Dar es Salaam mokapu ya programu ya simu, yaani picha za skrini tu, nyuma yake hakuna pesa, hakuna wanachama, hakuna kitu. Lakini skrini ya salio haiwezi kuachwa wazi, kwa hiyo usiku uliotangulia aliandika jina la kwanza lililomjia, Juma, na chini yake shilingi 4,750,000. Projekta ilipowaka, mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Huyu Juma ni yupi?"

"Ni mfano tu, mheshimiwa."

"Mfano wa nani?"

Mweka hazina alikuwa ameshafunua daftari. Akina Juma walikuwa watatu, na hakuna hata mmoja aliyestahili kuwa na kiasi hicho. Mmoja wao alikuwa anadaiwa marejesho tangu Ramadhani. Rangi, mpangilio wa vitufe, hatua za kuomba mkopo, yote yaliyomkesheza mbunifu, yakapita bila neno. Kilichoingia kwenye kumbukumbu za kikao ni kwamba suala la Juma lifuatiliwe.

Watu wakisikia mtu anatengeneza mokapu na prototaipu hudhani kazi yake ni kuchora. Kuchora kumo, ila sehemu kubwa ya kazi ni kutunga uongo wenye adabu: kitu kinachofanana na programu au kifaa ambacho bado hakipo, watu wakione, wakiseme vibaya, kirekebishwe kabla hela haijamwagwa. Mokapu ni sura tu. Prototaipu hujibu ukiigusa, walau pale palipotayarishwa. Zana kama Figma, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2016, zimeufanya uongo huo ung'ae mno, na hapo ndipo balaa linapoanzia, maana kadiri kitu kinavyopendeza ndivyo kinavyoaminiwa. Mteja akiona kitufe kimewekewa kivuli anajua kazi imekwisha. "Dada, si tayari hii? Tuifungue Jumatatu." Akielezwa kwamba waandishi wa programu hata hawajaanza, humtazama mbunifu kama anavyotazamwa fundi cherehani aliyekwisha kukuvalisha suruali, halafu anadai kitambaa.

Wenye zana za kazi hii wanalijua tatizo hilo. Balsamiq, iliyotoka mwaka 2008, huchora skrini kwa mistari iliyopindapinda kama ya kalamu ya mkono, makusudi, ili kila anayetazama aone kwamba mambo bado. Mbunifu wetu aliijaribu kwa mteja mwingine. Mteja alitazama kwa huruma, kisha akauliza kwa upole kama pale ofisini kuna mwenzake anayejua kunyoosha mstari.

Prototaipu ina hatari ya aina nyingine. Ndani yake imetengenezwa njia moja. Ukibonyeza Mikopo, kisha Omba, kisha Thibitisha, kila kitu kinateleza. Ukibonyeza pengine, kimya. Hata wakubwa wamepita humo. Tarehe 9 Januari 2007, Steve Jobs alipoionyesha iPhone kwa mara ya kwanza huko San Francisco, simu ile ilikuwa inazima ovyo. Wahandisi wa Apple walikuja kusimulia baadaye kwamba walitafuta mpangilio maalumu wa mambo ya kuonyesha, hiki kwanza, kile baadaye, ambao simu ingeuvumilia. Alama ya mtandao nayo waliifunga ionyeshe vijiti vitano muda wote, hata mtandao ukikatika. Simu yenyewe iliingia madukani mwishoni mwa Juni mwaka huo.

Jobs, hata hivyo, hakuwa na mwenyekiti wa kumwambia, "Hebu lete nishike mwenyewe." Mwenyekiti alikwenda moja kwa moja kwenye picha ya kengele, mahali ambapo hata mbunifu hakuwa anakumbuka kwamba kuna kengele. Akagusa. Akabonyeza. Akabonyeza kwa kidole gumba huku ameuma mdomo. "Intaneti ya hapa mbovu," akatoa hukumu, na mbunifu, Mungu amsamehe, hakumkatalia.

Kuna wakati ilihitajika mashine ndogo ya kupokea malipo, ya waendesha bodaboda. Kabla ya kuagiza hata waya mmoja, swali lilikuwa: itakaa mfuko gani? Swali la namna hiyo ndilo lililomfanya Jeff Hawkins wa California, miaka ya 1990, achonge kipande cha mbao kinachoenea kwenye mfuko wa shati na kukigeuza kijiti cha kulia chakula cha Kichina kuwa kalamu yake. Akiulizwa kuhusu miadi, anatoa mbao yake, anaigongagonga, anajibu kama ana nafasi. Kilichozaliwa na mbao hiyo kiliingia sokoni mwaka 1996 na kikapata umaarufu kwa jina la PalmPilot.

Mbunifu wetu alikwenda Keko, kwa mafundi samani. Fundi alisikiliza vipimo, akaelewa kila kitu isipokuwa sababu. Siku ya kuchukua mzigo, kifaa kilikuwa kimepigwa msasa na vanishi, kingo zimeviringwa vizuri.

"Nimekutolea mninga, dada. Mbao laini ingeliwa na mchwa."

Ubavuni palikuwa na tundu ambalo halikuwa kwenye mchoro. "La chaja," fundi akanong'ona, kwa sauti ya mtu anayemsitiri mwenzake aliyesahau. Mninga ni mzito. Dereva wa kwanza aliyeutia mfukoni ilibidi ashike suruali. Lakini lile tundu lilikuwa mahali pazuri kuliko pale alipopachora mbunifu, kwa kuwa pikipiki ikitembea waya haungegusa usukani. Likabaki pale.

Mtu akishapewa kitu cha majaribio hukitumia kwa shida zake, si kwa shida za aliyekibuni. M-Pesa yenyewe, ilipojaribiwa Nairobi na Thika kuanzia mwaka 2005, ilikusudiwa kurahisisha kulipa marejesho ya mikopo midogo. Waliopewa wakaanza kutumiana hela kwa mambo yao. Machi 2007 ilipozinduliwa rasmi Kenya, kutumiana hela ndiyo ikawa kazi yake kubwa.

Jaribio lililomshinda mbunifu wetu kulisimulia bila kucheka ni lile la mashine ya kujibu maswali kwa meseji. Mbinu ni ya zamani. Mwaka 1983 John Gould na wenzake wa IBM walichapisha matokeo ya taipureta inayosikiliza: unasema kwenye maikrofoni, maneno yanatokea kwenye skrini. Taipureta hiyo haikuwapo. Chumba kingine alikaa mpiga taipu, anaandika anachosikia. Walitaka kujua kama watu wangeipenda kabla ya kuhangaika kuiunda.

Dar es Salaam, mpiga taipu alikuwa kijana aliyekuja fildi. Alikalishwa stoo na simu, karatasi ya majibu yaliyokubaliwa imebandikwa mbele yake. Kabla ya adhuhuri mashine ilikuwa imeulizwa riba ya mkopo, bei ya dagaa, na kama imeoa. Mama mmoja wa Temeke aliandika kwamba hakuweza kulipa kwa sababu mtoto ana homa. Karatasi haikuwa na jibu la hilo, mashine ikampa pole na kuuliza kama ameshampeleka hospitali. Kisha mashine ikatoka kwenda kula chipsi mayai, na ripoti ikaandika kwamba mfumo ulisimama kwa sababu za kiufundi.

Programu halisi ilipokamilika, malalamiko ya mwanzo kabisa yalitoka Temeke. Hii mpya haina adabu, mama alieleza. Ile ya kwanza ilikuwa inaniita mama, na asubuhi inauliza mtoto ameamkaje. Rudisheni ile.

Waandishi wa programu walitaka kujua toleo hilo la kwanza lilikuwa linaendeshwa na seva gani. Ilikuwa imesharudi chuoni, Mbeya.