Volti za Kulazimisha

Kompyuta za mezani zilizostaafu maofisini Ulaya huja kumalizia uzee wao Mbagala, Tandika na Tegeta, na huku hazipumziki. Ikichelewa kufungua faili, mwenyewe anaamua prosesa ni mvivu, iongezewe volti. Mazabodi ikikataa, anasema ni ubahili wa kiwanda. Mimi nasema kizuizi kile kimewekwa na fizikia, na fizikia haina mjomba wa kuongea naye.

Chukua prosesa ya Core 2 Quad Q6600 ya mwaka 2007. Ilitoka kiwandani na kasi ya gigahezi 2.4, na toleo lake la baadaye likapangiwa wati 95. Kipande cha selotepu juu ya kidoti kimoja kati ya 775 vya prosesa hiyo huidanganya bodi inayodanganyika, kasi ikafika 3.0 bila kugusa volti. Hapo mtu angeshukuru akanyamaza. Lakini anataka 3.6, na hiyo kwa kawaida haiji mpaka volti zipande, tuseme kutoka 1.25 hadi 1.5. Asilimia 20 tu! Balaa ni kwamba umeme unaoliwa hufuata mraba wa volti: 1.2 mara 1.2 ni 1.44, zidisha na kasi iliyopanda mara moja na nusu, wati 95 zinakaribia 205. Zote zinazielemea kapasita zilizopangwa kando ya soketi, zilizochaguliwa kwa ajili ya karani wa kuandika barua. Kapasita huvimba kichwa, hutoa ute wa kahawia, kisha kompyuta inapata kasi ya ajabu kweli: ya kuzima.

Wapo wanaosema ifunguliwe ubavu, ielekezewe feni ya mezani. Feni haitengenezi baridi. Inapuliza hewa iliyopo, na Januari, chini ya bati la Temeke, hewa iliyopo mnaijua. Wengi wanaoweka rekodi za kasi duniani humimina naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Barafu ya wauza samaki wa Feri haifiki huko.

Hoja yenye uzito ni kwamba prosesa ya zamani ni ya bei chee, ikiungua si msiba. Sawa, ila inaweza kuondoka na bodi yake, na kabla ya kufa inakula LUKU. Wati 110 za ziada kwa saa 6 kila siku ni karibu yuniti 20 kwa mwezi. Nyumba ya wapangaji wanaochangia mita moja haitaki kusikia habari za gigahezi.

Na faili bado linachelewa! Mchelewaji mara nyingi ni diski ngumu, sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huku kichwa chake kikihangaika kutafuta data. Kuipa volti prosesa inayosubiri diski ni kumwambia dereva wa daladala akanyage mafuta katikati ya foleni ya Rangi Tatu. Weka SSD ya SATA, diski isiyozunguka; bodi ileile itaipokea bila ugomvi. Hasara yake ni moja tu, kwamba kijiweni hutakuwa na cha kusimulia.